Santuri ya nyimbo 11 si bandia

Ndugu yangu wa Kirumba, Mwanza, umeeleza kwamba shemeji yako anashikilia santuri ya Revolver, albamu ya The Beatles, bendi ya Uingereza, aliyorithi kwa baba yake, yenye nyimbo 11, ilhali wewe unatetea nyimbo 14 ulizonazo kwenye simu, na kila mmoja anamwita mwenzake mwenye nakala bandia. Zote mbili ni halali. Albamu hiyo ilipotoka Agosti 1966, toleo la Uingereza lilikuwa na nyimbo 14, lakini kampuni ya Capitol ya Marekani iliziacha tatu kwa kuwa ilikwisha kuzitoa miezi miwili kabla katika albamu nyingine. Zote tatu zilikuwa za John Lennon, mmoja wa waimbaji wa bendi hiyo, hivyo katika toleo la Marekani amebakiwa na nyimbo mbili tu anazoongoza kuimba, na msikilizaji anaweza kudhani kuwa kazi kubwa ilifanywa na mwenzake, Paul McCartney.

Kwa hiyo, kabla hamjaendelea kubishana kuhusu wimbo bora, msikilizishe kwanza hizo tatu, hasa I'm Only Sleeping, wenye gitaa lililogeuzwa likasikika kinyumenyume. Mimi huupenda zaidi jioni, ziwa likiwa limetulia. Toleo la Uingereza ndilo lililosambazwa duniani kote kwenye sidii tangu 1987, nami naliona bora. Hata hivyo shemeji yako asiiuze santuri yake, na mkiona nyingine kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, hesabuni nyimbo kwenye santuri yenyewe, kwa sababu majalada hubadilishwa.