Maswali ya Sheria: Mdukuzi Ashtakiwe Alikobonyeza au Alikoharibu?

SWALI: Ndugu mjibu maswali, nimesoma habari za Mwingereza Gary McKinnon, aliyetakiwa na Marekani kwa miaka mingi kwa tuhuma za kudukua kompyuta za jeshi, na mwishowe Uingereza ikakataa kumtoa. Mwanangu aliye chuoni anasema haki ilitendeka, kwa kuwa mtu huyo hakuwahi kukanyaga Marekani kutenda kosa hilo. Mimi naona kwamba aliyevunja nyumba ya jirani na ajibu mbele ya jirani. Nani kati yetu ana hoja?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao amefikia jibu ambalo na mimi naliona kuwa sahihi, ila njia aliyopitia haifiki huko. Hoja kwamba mtuhumiwa hakukanyaga ardhi ya nchi inayomtaka ilikwisha kukataliwa na mahakama za Uingereza zenyewe kabla jina la McKinnon halijajulikana. Mwaka 1994 Mrusi Vladimir Levin, akiwa St Petersburg, alituhumiwa kuingia katika mfumo wa benki ya Citibank na kuhamisha fedha za wateja zinazozidi dola milioni 10. Alikamatwa Machi 1995 katika uwanja wa ndege wa Stansted, nje ya London, na mawakili wake wakadai kwamba, kwa kuwa vidole vilibonyeza Urusi, kosa kama lipo ni la Urusi. Mahakama Kuu ilijibu kuwa mahali alipokuwa mbonyezaji pana uzito mdogo kuliko mahali zilipokuwa diski alizokuwa akizichezea, nazo zilikuwa Parsippany, katika jimbo la New Jersey, ambako amri zake zilitekelezwa papo hapo. Levin alipelekwa Marekani mwaka 1997, akakiri, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 3.

Kwa hiyo Marekani ilikuwa na mamlaka ya kumshtaki McKinnon. Lakini Uingereza nayo ilikuwa nayo, chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 1990, kwa sababu alifanya yote akiwa nyumbani London. Hapo ndipo mfano wako wa nyumba ya jirani unapopungukiwa: mwizi wa nyumba huwa mahali pamoja na nyumba anayoivunja, lakini mdukuzi yuko katika nchi mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili zina haki ya kumwita mahakamani. Kinachobaki kuamuliwa ni ipi kati ya hizo mbili ishike kesi, na nani afanye uamuzi huo.

Tuangalie kilichodaiwa. Kati ya Februari 2001 na Machi 2002, kwa maelezo ya waendesha mashtaka wa Marekani, McKinnon aliingia katika kompyuta 97 za jeshi na za shirika la anga la NASA, akafuta mafaili muhimu, akasababisha mtandao wa jeshi wa kompyuta 2,000 mjini Washington kuzimwa kwa saa 24, na akalemaza kompyuta za kituo cha silaha cha Jeshi la Majini cha Earle, New Jersey, muda mfupi baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Hasara ilikadiriwa kupita dola 700,000. Yeye alikubali kwamba aliingia, akakana kuharibu, na akaeleza kwamba alikuwa akitafuta siri za vyombo vya angani visivyojulikana vilikotoka. Alisema pia kwamba kompyuta nyingi hazikuwa na nywila yoyote. Hilo la mwisho ni aibu ya wenye kompyuta, lakini halikumpa mtu ruhusa ya kuingia, na tusimgeuze shujaa kwa sababu tu aliyemshtaki ni dola kubwa. Katika kompyuta mojawapo aliacha ujumbe wa kuilaani sera ya nje ya Marekani na kuahidi kuendelea kuvuruga.

Magazeti yalipenda kuandika kwamba alikabiliwa na miaka 70 gerezani. Hesabu hiyo ilitokana na kuzidisha mashtaka 7 kwa kifungo cha juu cha miaka 10 kila moja, na majaji wa Marekani kwa kawaida hawahukumu hivyo. Kilichonisumbua zaidi ni mapatano aliyopewa, yaliyoelezwa mbele ya Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mwaka 2008. Kama angekubali kwenda kwa hiari na kukiri, angetarajia kifungo cha miaka 3 hadi 4, na baada ya miezi 6 hadi 12 angerudishwa kumalizia Uingereza. Kama angepinga, angetarajia miaka 8 hadi 10, pengine zaidi, bila ahadi ya kurudishwa. Malodi waliona hakuna ubaya, kwa kuwa punguzo la adhabu kwa anayekiri lipo hata Uingereza. Kisheria sina la kuwapinga. Lakini mtu anayeshauriwa kuacha utetezi wake kabla hajaiona hata sura ya jaji, tena kwa tofauti ya miaka isiyopungua 4, na sharti mojawapo likiwa kutoitumia haki yake ya kukata rufaa nyumbani, ana sababu ya kuhisi kwamba ameanza kuadhibiwa. Hoja hii naiona nzito kuliko ile ya kukanyaga au kutokanyaga.

Yako pia malalamiko kuhusu mkataba wenyewe wa kubadilishana wahalifu kati ya Uingereza na Marekani. Chini ya Sheria ya Uingereza ya Kubadilishana Wahalifu ya mwaka 2003, Marekani haihitaji tena kuleta ushahidi wa awali mbele ya hakimu wa Kiingereza. Inatosha kuonyesha kwamba ipo shaka ya msingi. Uingereza inapomtaka mtu kutoka Marekani, hutakiwa kuonyesha sababu za kutosha kuamini kwamba alitenda kosa. Wakosoaji walisema huku ni kutii ule msemo wa mwenye nguvu mpishe. Jaji mstaafu Scott Baker, aliyepewa kazi ya kuipitia sheria hiyo, aliripoti mwaka 2011 kwamba vipimo hivyo viwili havitofautiani kwa kiasi cha kuleta dhuluma, nami nadhani alisema kweli kuhusu maneno ya sheria. Ila mtuhumiwa haendi kuishi ndani ya maneno ya sheria. Anapelekwa mbali na familia, daktari na wakili anayemjua, huenda akakaa rumande akisubiri kesi, na hata akiachiwa huru baadaye, miaka hiyo hairudi.

McKinnon aligunduliwa mwaka 2008 kuwa na hali ya Asperger, ambayo ni aina ya usonji, na mama yake, Janis Sharp, aliendesha kampeni ambayo hakuna waziri aliyeweza kuipuuza. Tarehe 16 Oktoba 2012, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Theresa May, alizuia asipelekwe, kwa sababu hatari ya kujiua ilikuwa kubwa kiasi kwamba kumtoa kungevunja haki zake za kibinadamu. Ilikuwa imepita miaka 10 tangu polisi wamhoji kwa mara ya kwanza. Miezi miwili baadaye Mkurugenzi wa Mashtaka, Keir Starmer, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, alitangaza kwamba hatashtakiwa Uingereza pia, akieleza kwamba mashahidi na ushahidi mwingi viko Marekani na kwamba uwezekano wa kumtia hatiani haukuwa mkubwa.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ninapokaa upande wako. Kukataa kumtoa mtu ni jambo moja. Kumwacha bila kesi kabisa ni jambo jingine, na walioingiliwa kompyuta zao wana haki ya kulalamika. Aliyedai kwamba hakuharibu kitu alinyimwa mahali pa kuthibitisha, na waliodai hasara ya dola 700,000 hawakuwahi kuulizwa maswali na wakili wa utetezi kuhusu jinsi walivyoipata hesabu hiyo. Maoni yangu ni kwamba mdukuzi ashtakiwe katika nchi alimokuwa alipotenda, ikiwa nchi hiyo ina sheria, ina nia, na iko tayari kugharimia kuwaleta mashahidi au kuwasikiliza kwa njia ya video. Ikikosa mojawapo, imtoe.

Bunge la Uingereza lilisogea upande huo mwaka 2013. Sheria mpya ilimwondolea waziri kazi ya kuamua masuala ya haki za binadamu na kuikabidhi kwa mahakama, jambo ambalo nalisifu, kwa kuwa uhuru wa mtu haupaswi kutegemea mama yake anafahamika vipi magazetini. Iliwapa pia majaji uwezo wa kukataa ombi endapo sehemu kubwa ya kitendo ilifanyika Uingereza na haki inaelekea kumbakiza huko. Katika kupima, jaji hutazama madhara mengi yalitokea wapi, maslahi ya waathirika, ushahidi ulipo, ucheleweshaji, na uhusiano wa mtuhumiwa na Uingereza.

Kipimo hicho kilijaribiwa katika shauri la Lauri Love, mkazi wa Suffolk aliyekamatwa Oktoba 2013 kwa tuhuma za kudukua taasisi za Marekani, zikiwamo NASA na Jeshi la Nchi Kavu. Hakimu wa Westminster aliamuru mwaka 2016 apelekwe. Tarehe 5 Februari 2018 Mahakama Kuu, akiwamo Jaji Mkuu Lord Burnett, ilitengua amri hiyo. Majaji hawakuficha kwamba madhara yalitokea Marekani na kwamba jambo hilo lilivuta kuelekea huko, lakini waliona kwamba hali yake ya kiafya na utegemezi wake kwa familia vilizidi uzito, na kwamba kumpeleka kungekuwa uonevu. Kisha wakawaagiza waendesha mashtaka wa Uingereza wajitahidi kumshtaki nyumbani, kwa msaada wa Marekani. Agizo hilo ndilo lililokosekana katika habari ya McKinnon, na mwambie mwanao alisome kabla hajashangilia.

SWALI: Je, mdukuzi akiwa katika nchi isiyo na sheria ya kompyuta, au isiyotoa raia wake, si amekwishapata kinga ya maisha?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ilikwisha kutokea, tena kwa hasara kubwa. Mei 2000 virusi vya kompyuta vilivyosambaa kwa barua pepe yenye kichwa cha maneno ya mapenzi vilitoka Ufilipino vikaenea karibu duniani kote kwa muda mfupi. Onel de Guzman, kijana wa Manila, alishukiwa, lakini Ufilipino haikuwa na sheria iliyokifanya kitendo hicho kuwa kosa. Mashtaka yakafutwa. Hakuweza kukabidhiwa kwa nchi nyingine pia, kwa sababu kanuni ya msingi katika mikataba hii hutaka kitendo kiwe kosa katika nchi zote mbili. Sheria ilipitishwa Juni mwaka huohuo, ila haikuweza kurudi nyuma na kumkamata.

Kuhusu nchi zisizotoa raia wake, Urusi na Brazil zimeandika hivyo ndani ya katiba zao, na hazina upekee. Mkataba wa Budapest wa mwaka 2001 kuhusu makosa ya mtandao unasema kwamba nchi mwanachama inayokataa kumtoa mtu kwa sababu ya uraia wake, ikiombwa, lazima ipeleke shauri mbele ya waendesha mashtaka wake na kuiarifu nchi iliyoomba juu ya matokeo. Urusi si mwanachama. Ndiyo maana mtu kama Levin alikuwa salama hadi aliposafiri, na wapelelezi wengi mpaka leo husubiri mtuhumiwa apande ndege.

SWALI: Marekani ikimtaka kijana wa Kitanzania au wa Kenya kwa udukuzi, kuna mkataba?
Msomaji, Arusha

JIBU: Upo, nao ni mzee. Tanzania na Kenya zote zilirithi mkataba ambao Uingereza iliusaini na Marekani mwaka 1931, ulioanza kutumika mwaka 1935. Unataja makosa kwa orodha: mauaji, wizi, kughushi, kupata fedha kwa udanganyifu na mengine ya namna hiyo. Kompyuta hazikuwapo. Mdukuzi aliyehamisha fedha anaweza kuingizwa chini ya wizi au udanganyifu, lakini yule aliyechungulia tu bila kuiba angempa wakili wake hoja nzuri ya kuanzia.

Sheria za ndani, kwa upande wake, zipo: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina ya mwaka 2018, ambayo inaadhibu kuingia katika kompyuta bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3. Kwa hiyo sharti la kosa kutambuliwa pande zote mbili linaweza kutimizwa, na nchi zetu zina uwezo wa kisheria wa kusema, "Huyu tutamshtaki sisi." Sheria zetu, hata hivyo, hazina kifungu kama kile cha Uingereza cha mwaka 2013, kinachomwelekeza jaji apime kesi isikilizwe wapi. Mbunge anayetafuta hoja binafsi ya kupeleka bungeni anaweza kuanzia hapo.