Bibi, furu wangu wanagandia kikaangoni

*Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi umeme, nimehamia Mwanza mwaka jana kutoka Iringa. Jumapili asubuhi mimi na mwanangu wa miaka 9 huenda Luchelele, tukakaa juu ya mawe na kuvua kwa ndoano. Tunapata samaki wa ukubwa wa kiganja, majirani wanawaita furu. Kila nikiwakaanga wanagandia, ngozi inabaki kikaangoni, nyama inasambaratika, mwisho tunakula makombo yenye miiba. Jirani yangu mvuvi ananicheka, anasema furu ni chambo cha sangara, si kitoweo. Je, ni kweli? Na niwakaangeje?*
*Baba wa Mvuvi Mdogo, Nyegezi*

Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo jirani, maana ndiye aliyenikera. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, na kabla sijaonja sangara nilikuwa nimekwisha kula furu wa kujaza mtumbwi. Sangara ni mgeni. Alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na huku kwetu alifurika miaka ya 1980. Kabla yake, furu ndio waliokuwa ziwa lenyewe, aina mamia kwa mamia, na hapo hapo kwenu Nyegezi palikuwa na kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Kisha sangara akawala. Ilifika wakati unashinda na ndoano kutwa nzima hupati hata mmoja. Baadaye sangara naye alipovuliwa sana, baadhi ya furu wakarudi, ingawa aina nyingi zimepotea moja kwa moja.

Kwa hiyo jirani yako ana nusu ya ukweli. Wavuvi wa migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, huwatumia furu kama chambo, na watoto wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hupata hela ya daftari kwa kuwauzia. Lakini kitu kuwa chambo hakukifanyi kisiwe kitoweo. Hata dagaa huwekwa kwenye ndoano, na sijasikia mtu akimcheka mla dagaa.

Sasa kikaangio. Umeniandikia habari za kukaanga, ila kosa lako naliona linaanzia kwenye mawe. Naweka dau kwamba furu wako unawatia kwenye ndoo ya maji, ndoo inakaa juani hadi saa sita. Furu wa namna hiyo hata umpe karai la dhahabu atagandia. Nyama imelegea, tumbo limeanza kupasuka. Nenda na kipande cha gunia, kiloweshe, kiweke kivulini. Kila unayemtoa, mpige kichwani afe mara moja, mfunike na gunia. Ukiweza mtumbue hapo hapo.

Ila kabla hujampiga, mtazame. Ukiona koo limevimba na kidevu kimeshuka kama mtoto aliyeficha pipi mdomoni, huyo ni jike, amebeba mayai au watoto wake mdomoni. Mrudishe majini upesi kabla hajawatema. Mtazame pia kama ni furu kweli. Sato mchanga ana michirizi iliyosimama kwenye mkia, na huwa na doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni. Furu dume ana vidoa vya njano kwenye pezi la chini karibu na mkia. Sato asiyefika sentimita 25 haruhusiwi, naye mwache akakue. Habari za leseni kamuulize ofisa uvuvi au viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, cha mwalo wenu, usingoje kuulizwa wewe.

Na mwambie mwanao hili, atalipenda: kuna furu wa kwenye visiwa vya mawe, dume lake mgongo mwekundu na ubavu wa njano, wataalamu wamemwita *Pundamilia nyererei*. Mwalimu ana uwanja wa ndege, ana barabara, na ana furu.

Tuje jikoni. Mpae magamba kwa mgongo wa kisu, toka mkiani kwenda kichwani. Magamba ya furu ni madogo, hurukia hadi kwenye nyusi, kwa hiyo fanyia nje. Kata pezi la mgongoni kwa mkasi, lile ndilo linalochoma. Toa utumbo bila kupasua nyongo, toa matamvua, kichwa kiache. Halafu mchanje ubavuni, mikato ya karibu karibu, nusu ya upana wa kidole, kisu kifike kwenye mfupa. Watu wengi huchanja mara mbili tatu kama wanamchanja sato. Furu ana vimiiba vyembamba, na mikato hiyo ndiyo njia ya mafuta moto kuvifikia. Vikikaushwa vizuri unavitafuna bila kujua.

Mpake chumvi, mwache dakika 20. Utaona maji yanamtoka. Hayo maji ndiyo adui yako.

Hapa nikusimulie aibu yangu. Nilipoolewa Musoma, siku ya tatu mama mkwe alinipa furu kumi na wawili niwakaange. Nikawaosha, nikawatia kwenye mafuta wakiwa wanachuruzika. Waligandia wote. Nililisha ukoo mzima makapi, na mama mkwe alikula akamaliza bila kusema neno. Kesho yake alinipa furu wengine, na ungo. Ungo tu. Nikasimama nao mlangoni kama mjinga mpaka wifi yangu mdogo akaniambia: wapange humo, wapigwe upepo.

Ndivyo ufanye. Wafute kwa kitambaa, wapange kwenye ungo wasigusane, funika kwa wavu au kanga nyepesi kwa ajili ya nzi, waweke penye upepo kwa saa moja. Ukigusa ngozi iwe kama karatasi, isiteleze. Ndimu usiikamulie sasa, utamlowesha tena. Subiri awe sahanini. Na unga wa ngano usiutie. Najua vijana wanaupenda, lakini unga ni shuka la kufichia samaki aliyelowa.

Tumia karai la chuma, au kikaangio kizito. Sufuria nyembamba ya alumini hupata moto mahali pamoja tu, pengine pamepoa. Mafuta ya alizeti yafike nusu ya unene wa samaki. Yapashe hadi ukitia kipande cha kitunguu kichemke papo hapo. Mafuta vuguvugu ndiyo yanayomshika samaki chini. Tia mmoja mmoja, si zaidi ya wanne, maana ukijaza karai unayapoza mwenyewe.

Halafu ondoa mkono. Hapa ndipo wanaume mnaposhindwa. Mnachokoa, mnasukuma, mnachungulia chini. Upande ukishaiva samaki hujiachia mwenyewe. Tikisa karai kidogo, ukiona anateleza mgeuze, mara moja tu. Bado ameshika? Hajaiva, muache. Wale wadogo wa ukubwa wa kidole gumba watoe, wapoe, kisha warudishe kwenye mafuta mara ya pili. Hao wanaliwa na kichwa.

Waliobaki kesho yake waunge mchuzi wa nyanya na kitunguu, wasichemke sana. Lakini hawabaki. Kwetu tulikula na ugali wa udaga, yaani wa muhogo, wewe wa Iringa utasonga wa mahindi, sitakugombeza.

Mtoto mpe mwenye ukubwa wa kiganja baada ya kumtoa uti wewe mwenyewe: mfungue mgongoni, shika uti upande wa mkia, uvute kuelekea kichwani. Mwiba ukimkwama kooni, usimshindilie tonge kubwa la ugali kama tulivyofanyiwa sisi, unaweza kuuzamisha zaidi. Usipotoka kwa kukohoa, mpeleke hospitali.

Na mbaki huko huko juu ya mawe. Msiingie kwenye maji yenye matete kufuata chambo au ndoano iliyonasa, kichocho kipo, na mamba hatoi taarifa. Ndoano ya shilingi chache iache iende. Dukani omba zile ndogo kabisa, namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo, na chambo chake nyungunyungu aliyekatwa kipande kifupi kisichoning'inia, la sivyo furu atadokoa mkia akuachie ndoano tupu.

Siku utakayopata sahani isiyogandia, mpelekee yule jirani wanne, na kipande cha ndimu. Kisha niandikie kama amerudisha hata kichwa.