Kibati cha namba kinachokunjwa kwa waya: jibu

Salamu ndugu. Umesema umenunua pikipiki iliyotumika hapa Dar es Salaam, ukakuta kibati cha namba kinakunjika chini ya kiti ukivuta waya uliofungwa kwenye usukani, nawe unauliza kama unaweza kukiacha kifaa hicho mradi hukitumii. Nakusihi ukitoe, na usiipande kabla hujafanya hivyo, kwa sababu askari atakayekusimamisha hana namna ya kujua kwamba aliyekifunga si wewe.

Kabla ya kumwita fundi, hata hivyo, tazama namba ya chasi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini, uzilinganishe na kadi ya usajili herufi kwa herufi. Mtu haingii gharama ya kuficha namba bila sababu, na sababu hiyo yaweza kuwa pikipiki ya wizi. Ukiona mikwaruzo au alama za tindo juu ya tarakimu, simamisha mambo yote uende polisi na mkataba wa mauziano. Sijaiona pikipiki yenyewe, hivyo siwezi kukuhakikishia lolote.

Zikilingana, fundi aufuate waya hadi kwenye bawaba, avitoe vyote, kisha afunge kibati kwa bolti mbili moja kwa moja kwenye madigadi ya nyuma, taa ikimulika herufi MC na tarakimu zake zote. Baada ya hapo hamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mapema, kwani makosa ya kesho yatasomwa kwa jina lililo kwenye kadi.