Jibu: Coccinelle inachemka njia ya Likasi

Yaya, umeuliza kwa nini Coccinelle (Volkswagen Beetle) ya mzee, ile 1300 ya 1966, inachemka na kupoteza nguvu kila ukielekea Likasi, na kama kufungua kifuniko cha nyuma kunasaidia. Kifuniko kiache. Angalia zile bati nyeusi zinazozunguka motere, ambazo mafundi wengi wa Lubumbashi huzing'oa na kuzitupa kwenye chuma chakavu.

Motere hii haina radieta. Inapozwa na hewa ya feni na mafuta basi. Bati pamoja na mpira wa pembeni huzuia hewa ya moto ya chini isipande kuvutwa tena na feni. Ukiona mwanga wa ardhi kati ya motere na bodi, umeshapata ugonjwa. Mpira huo ukikosekana, kata mwingine wa kuziba kwa muda, ila usiguse mkanda wa feni.

Halafu silinda ya 3. Kwenye modeli za kabla ya 1971 kipoza mafuta kimesimama ndani ya nyumba ya feni na kuikinga silinda hiyo hewa, kwa hiyo vali zake ndizo huungua kwanza. Kiondoe, kioshe: vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta linaganda kama udongo wa tofali. Vali zipime motere ikiwa baridi kabisa, iliyolala usiku kucha.

Mafuta ni lita 2.5 tu na hakuna filta, chujio la waya pekee. Usicheleweshe vidanji, yaani kubadilisha mafuta.

Mpira wa petroli una umri gani? Huo badilisha leo, kabla ya kuwaza kupaka gari rangi.