Uliza Shangazi: Ile National Theatre ni ya nani?

Mwezi huu karibu barua zote zimekuja kuhusu jumba moja, Kenya National Theatre pale Harry Thuku Road, Nairobi. Nimeziweka pamoja venye zilikuja, nyingine nimezikata kidogo juu zilikuwa ndefu.

Salamu shangazi. Mimi nauza viatu tao na kila asubuhi nikitoka Ngara natembea kwa miguu napita hapo Harry Thuku Road. Hio National Theatre naiona miaka nane sasa na sijawai ingia ata siku moja. Nilidhani ni ya wazungu wa hoteli ya Norfolk ama ya wanafunzi wa University. Kwani kazi yake ni gani haswa? – Msomaji, Ngara

Ndugu yangu, hio hisia yako haikutoka hewani. Hilo jumba lilijengwa bila kukuhesabu. Serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya kuunda Kenya Cultural Centre, shirika linalosimamia hio theatre, mwaka 1951, na ukumbi wenyewe ukafunguliwa Novemba 1952, akaletwa muigizaji mkubwa wa Uingereza Ralph Richardson kuja kuufungua. Sasa chukua hio tarehe uiweke kando ya nyingine unayoijua: Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Ata mwezi haujaisha! Huku watu wanabebwa kwa malori usiku, huku tao pazia jipya linafunguliwa, waliokaa vitini ni masetla na maofisa wa serikali, na michezo ni ya kutoka kwao. Mwafrika akionekana hapo mara nyingi amebeba sinia ama anafagia.

Leo kazi yake ni nyingine. Kuna ukumbi mkubwa, kuna ule mdogo unaoitwa Ukumbi Mdogo (jina limekaa tu hivyo), kuna Cheche Gallery ya picha na michoro, na hapo hapo kwa kiwanja kuna Conservatoire watoto wanafunzwa piano na fidla, ukipita saa kumi jioni unasikia mtoto anarudia wimbo mmoja mara ishirini. Wikendi kuna michezo, kuna vichekesho, kuna ngoma za kitamaduni, kuna mashairi. Na kuna setibuku, ambayo ndio inalisha waigizaji wengi kuliko kitu kingine chochote. Wanafunzi wa sekondari wanaletwa na basi la shule kuona kile kitabu cha mtihani kikichezwa mbele yao. Mimi mwenyewe niliingia hapo mara ya kwanza hivyo, nikiwa fomu tatu na sweta ya shule, tulikuwa tumebanana viti viwili watu watatu, na taa zilipozimwa nikashika mkono wa msichana ambaye ata sikuwa namjua.

Kwa hivyo ingia. Ni yako kisheria na kwa kila njia, ni mali ya umma.

Shikamoo shangazi. Nyanya yetu huko Murang'a husema hio barabara ilimwagika damu kabla ata ya Mau Mau, na ati kuna mwanamke alivua nguo mbele ya polisi. Ndugu zangu wanasema ni hadithi za wazee tu. Ni kweli? – Wanjiku wa Juja

Marahaba mwanangu. Nyanya yako ako sawa, na waambie ndugu zako wakae chini wamsikize vizuri.

Harry Thuku alikuwa kijana aliyefanya kazi ya simu ofisi ya hazina ya serikali, akaongoza chama cha East African Association, wakawa wanapinga kipande (kile kitambulisho Waafrika walilazimishwa kuvaa shingoni), kodi ya nyumba, kupunguzwa mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi kwa mashamba ya masetla. Alikamatwa Machi 14, 1922 akafungiwa stesheni ya polisi pale chini, ndio sasa hapo Central. Watu wakagoma, wakaja kwa maelfu, wakakesha. Machi 16 wajumbe wanaume wakaenda kuongea na wakubwa wa serikali, wakarudi wakiambia umati uende nyumbani. Wanawake hawakukubali. Hapo ndio Mary Muthoni Nyanjiru alisimama, akainua nguo yake juu mbele ya wale wanaume, akawaambia kama wameogopa basi wabadilishane nguo na yeye. Kwa desturi ya Agĩkũyũ hio si mchezo, ni laana nzito na ni aibu kubwa kwa mwanaume kuambiwa hivyo na mama. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, askari wakafyatua. Na wazungu waliokuwa wamekaa kwa veranda ya Norfolk nao wakafyatua wakiwa huko. Serikali ilihesabu waliokufa 21, watu waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka. Thuku naye akapelekwa kifungoni Kismayu.

Miaka 30 baadaye ndio theatre ikajengwa hapo, mkabala na hio Norfolk, hatua chache kutoka kwa hio stesheni. Jina la Thuku likapewa barabara baada ya uhuru. Nyanjiru hakupewa kitu. Mimi nikipeleka wageni pale nasimama nao nje kwanza nawaambia jina lake kabla hatujaenda kukata tikiti, na ningependa siku moja nikute limeandikwa ukutani, kubwa, mahali kila mtu ataliona akisubiri mlango ufunguliwe.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nasoma fasihi. Mwalimu alitaja tu kwa kupitia kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alifungiwa mlango wa National Theatre. Nashindwa kuelewa, si ilikuwa tayari Kenya huru? Nani alifunga? – Msomaji, Eldoret

Swali zuri sana hili, na nitalijibu pole pole juu ndani yake kuna mambo mawili ambayo watu huchanganya, ya 1976 na ya 1982.

Mwaka 1976 Kenya ilikuwa inajiandaa kupeleka michezo Lagos, Nigeria, kwa FESTAC 77, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Ilichaguliwa miwili: ule wa Kimathi, walioandika Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo (kwa Kiswahili tunaujua kama Mzalendo Kimathi), na ule wa Francis Imbuga, Betrayal in the City. Fikiria, ni michezo ya taifa, inaenda kuwakilisha taifa, inataka kuchezwa kwa theatre ya taifa, na tunaongea kuhusu miaka 13 baada ya uhuru. Lakini kalenda ilikuwa imejaa vikundi vya wazungu na michezo yao ya muziki na dansi kutoka Ulaya. Wakasukumana sana, mwishowe Waafrika wakapewa usiku wa kuhesabu kwa vidole. Hakuna mtu aliweka kibao mlangoni cha kusema Waafrika hawatakiwi. Ilikuwa ni kitabu cha kubuki tu, kiko kwa meza, na yule mwenye kalamu ndiye alikuwa anaamua.

Na hizo siku chache watu walijaa hadi pomoni. Mchezo wa Kimathi ulipoisha watazamaji hawakwenda nyumbani, waliinuka wakaungana na waigizaji wakaimba na kucheza wakipita katikati ya viti hadi nje barabarani, kuelekea ile Norfolk, hadi polisi wakawazuia. Hio ni barabara ile ile ya Nyanjiru! Baadaye Ngũgĩ na muongozaji wa mchezo, Seth Adagala, wakaitwa na CID, polisi wa upelelezi, wakahojiwa.

Ndio unaona kwa nini Ngũgĩ aliacha kugombania huo ukumbi akaenda kwao Limuru, Kamĩrĩĩthũ, na huko yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ pamoja na wakulima na wafanyikazi wa kiwanda wakatengeneza mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Gĩkũyũ, jukwaa lao wenyewe, halina ata paa. Ikachezwa Oktoba 1977, Novemba ikapigwa marufuku, na Desemba 31 akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa.

Sasa hapo kwa mlango ni 1982. Kikundi hicho cha Kamĩrĩĩthũ kilikuwa na mchezo mpya wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, wakataka kuuleta National Theatre mwezi wa Februari. Leseni haikutoka. Wakafika siku yao wakakuta milango imefungwa. Wakahamia ukumbi wa University hapo ng'ambo wakafanya mazoezi yao wazi, watu kwa maelfu wakaja kwa mabasi na matatu kutoka vijijini kuona "mazoezi", hadi nayo ikasimamishwa. Machi hio hio serikali ikatuma polisi Kamĩrĩĩthũ wakaangusha lile jukwaa la wanakijiji. Aliyefunga basi si mzungu, ni sisi wenyewe tuliorithi funguo. Inauma kuandika lakini ndio ukweli.

Na uandike pia hii kwa daftari lako: Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilichezwa kwa hilo hilo jukwaa la National Theatre, siku zingine kwa Kiingereza, siku zingine kwa Gĩkũyũ. Nilikuwa ndani. Mama mmoja mzee kiti cha mbele yangu aliimba kila wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, ata zile waigizaji walikosea maneno yeye hakukosea. Mĩcere alituacha 2023, na Ngũgĩ 2025. Nashukuru kwamba angalau hilo lilifanyika wakiwa hai.

Shangazi mimi ni muigizaji, kikundi chetu kiko Kayole, tuko watu 11. Kila mtu anasifu venye theatre ilirekebishwa ikawa mpya. Sisi hatuna pesa ya kubuki hio hall, mazoezi tunafanyia nje kwa uwanja wa kanisa hadi mvua inyeshe. Sasa hio kurekebishwa imetusaidia na nini? – Muigizaji, Kayole

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Ukarabati ulikuwa lazima, hilo nitalisema wazi. Walioingia kabla ya 2015 wanakumbuka, viti vilikuwa vimechoka, taa zingine haziwaki, sauti inapotea ukiwa nyuma. Ilifungwa ikatengenezwa, na Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaifungua tena. Taa mpya, sauti mpya, viti vipya. Muigizaji anastahili mahali pazuri, na mtu aliyelipa tikiti yake anastahili kusikia. Sitaki kabisa ile fikira ya kwamba sanaa yetu inatosha kufanyiwa popote.

Lakini jumba likishakuwa zuri linakuwa ghali kulitunza, bei ya kubuki inapanda, na wanaoweza kulipa ni kampuni zenye kongamano, makanisa makubwa na wale maproduza wachache wenye wadhamini. Kikundi cha watu 11 cha Kayole kinabaki nje. Kumbuka kile kitabu cha kubuki cha 1976. Mimi naamini kwa moyo wangu wote kwamba jumba la umma linapimwa kwa kalenda yake, si kwa rangi ya ukuta. Ningekuwa na uwezo ningetenga siku za katikati ya wiki, Jumatatu hadi Jumatano ambazo mara nyingi ukumbi umelala giza, nizipe vikundi vya mitaani kwa kugawana pesa ya mlangoni: mkiuza tikiti mia tugawane za mia, mkiuza kumi tugawane za kumi. Ukumbi haupotezi kitu, ulikuwa umefungwa tu.

Angalia pia venye wengine walifanya. GoDown, kituo cha wasanii, ilianza 2003 kwa maghala ya zamani huko Industrial Area, Dunga Road, ndio maana ya jina, si tunaita ghala godauni. Hakukuwa na jukwaa la kupendeza huko, kulikuwa na nafasi: mchoraji chumba hiki, wacheza dansi kile, wanamuziki pale, wote wanakutana kwa chai na mwisho wa siku dansa anamuomba mchoraji amtengenezee mandhari. Wasanii wengi wa Nairobi unaowaona leo walipitia hapo. Na hayo maghala nayo yalibomolewa ili kujengwe kituo kikubwa pale pale, nami ombi langu kwa wenye hio kazi ni moja, wakumbuke vyumba vya bei ndogo, juu ndivyo viliifanya GoDown kuwa GoDown.

Kwenu nyinyi kwa sasa: andikeni barua rasmi kwa usimamizi wa Kenya Cultural Centre mkiomba Ukumbi Mdogo siku ya katikati ya wiki kwa kugawana mlango, mtaje idadi ya watu mnaoweza kuleta, mweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikataa waombeni sababu kwa maandishi. Halafu mniandikie mniambie walijibu nini, nitachapisha hapa.

Shangazi nataka kupeleka wasichana wangu wawili, miaka 9 na 12, waone mchezo. Kuna nguo maalum? Na wataelewa? – Mama wawili, Umoja

Hakuna nguo maalum dadangu, vaeni za kawaida lakini mbebe sweta. Chagua mchezo wa alasiri Jumamosi ama Jumapili ili msipate shida ya matatu usiku, na uliza mlangoni kama unafaa watoto kabla hujalipa. Fikeni mapema nusu saa. Wapeleke Cheche waangalie picha, halafu wasimamishe nje wakiangalia ng'ambo kwa ile hoteli, uwaambie kuhusu Mary Muthoni Nyanjiru. Huyo wa miaka 12 ataelewa kila kitu, na huyo mdogo atakuuliza maswali hadi kengele ilie muingie ndani.