Kuhusu fainali ya Jumapili

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unaniuliza: kocha wenu amefariki ghafla, Jumapili mna fainali, mcheze au muahirishe? Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Lakini mie nimenasa kwingine. Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba wiki nzima alikuwa akishika kifua mazoezini, kijasho chembamba kikimtoka, mkono wa kushoto akiukunja na kuukunjua, na akiulizwa anasema ni gesi, atakunywa tangawizi. Gesi gani hiyo inayoshuka mkononi? Hayo ni ya kumkimbiza mtu hospitali saa ileile. Nimesema tangu babako yu hai: kocha aulizwe hali yake kabla ya kuulizwa kikosi.

Unamkumbuka Keshi? Stephen Keshi, kocha wa Nigeria. Huwezi kumsahau, maana Machi 2013 nyumba ya Majengo ilikuwa haikaliki. Kahata wetu wa Kenya alipowafunga Nigeria kwao kule Calabar, babako alitoka mpaka barazani na kanzu kaikunja kiunoni, akiwaita majirani wasio na televisheni. Bingwa wa Afrika, kombe kalichukua Februari tu, na sisi tunamwongoza kwake! Tukalishika bao lile mpaka dakika za nyongeza, ndipo Oduamadi wao akasawazisha. Ikawa sare, moja kwa moja. Wallahi linaniuma hadi leo. Ya Kasarani, Nairobi, walipotufunga mwezi Juni, sitaki hata kuyataja. Na tangu siku ile babako hakuwa na neno jema kwa Keshi.

Kisha ikaja Juni 2016, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza, tukasikia Keshi kafa Benin City. Miaka 54. Moyo umesimama, hata hospitali hakuwahi kufika. Magharibi babako alifungua kwa tende moja, uji akausukuma kando, akaniuliza, "Mkewe si amekufa juzi tu?" Kweli, mkewe alifariki kwa saratani Desemba 2015. Haijapita hata miezi 7.

Sisi wanawake tuna eda. Miezi 4 na siku 10 mtu ameketi, wenzake wanaingia na kutoka, chakula kinaletwa, analia hata saa za usiku kuna wa kumsikia. Mwanamume akifiwa, matanga yakiondoka ashaulizwa kazini atarudi lini. Tena kocha! Togo Keshi aliwafikisha Kombe la Dunia la 2006, wakampa timu mwingine kabla ya safari. Mtu kama huyo nani alimuuliza umelalaje?

Sisemi huzuni ndiyo iliyomuua. Au ndivyo ninavyosema? Hapana, siwezi, mie si daktari, na moyo humsimama hata mwenye furaha. Babako akipenda kuhadithia habari za Jock Stein, kocha wa Scotland, aliyeanguka pale Cardiff mwaka 1985 mechi ikikaribia kwisha, timu yake ishapata sare iliyokuwa ikiitaka. Huyo utasema aliuawa na huzuni gani? Lakini hata yeye, nitakwambia yaleyale: kocha aulizwe hali yake kwanza.

Sasa fainali yenu. Ulimi unaniwasha, unajua mama yako alivyo. Nina jibu langu, lakini sijavaa jezi mie, na aliyefiwa si mimi. Kesho baada ya adhuhuri nitakwenda na mkeo kumpa pole mjane, nitamuuliza yeye. Atakalosema ndilo mtakalofuata, hata likiwa silo langu. Na mkicheza, zawadi yote iende kwa watoto wa marehemu, asije mtu akaniletea habari za nauli na soda.

Wewe miaka 40 unaigonga, na babako alikuwa na presha. Kabla ya Jumapili kapimwe. Karatasi mpe mkeo anionyeshe, nataka kuiona kwa macho yangu.

Mama yako