Gari na Baridi: Majibu kwa Wasomaji

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wasomaji walioko nchi za theluji, wengine wakiingia msimu wao wa kwanza. Moja imetoka Makete, nayo tumeipa nafasi kubwa kwa sababu kosa linaloelezwa humo lipo karibu kila gereji ya Nyanda za Juu.

SWALI: Habari za kazi. Naishi Minneapolis, Marekani, natumia Corolla ya 2012. Januari iliyopita, asubuhi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, niliwasha gari likatoa sauti ya tik-tik-tik kisha kimya. Jirani akanibusti kwa umeme wa betri ya gari lake likawaka, ila kesho yake hali ikawa ileile. Betri ina miaka mitano. Shida ni betri au alteneta? Na waya za kubusti zinafungwaje? – Dada wa Minneapolis

JIBU: Dada, hiyo tik-tik ni stata, yaani mota ya kuwashia injini, inayojaribu kushika ikaachia, kwa kuwa umeme unaoifikia hautoshi. Betri ya miaka mitano kwenye baridi ya Minnesota tunaishuku kabla ya kitu kingine chochote. Hata hivyo, usinunue mpya kwa kubahatisha wakati kipimo ni cha dakika tano.

Acha gari lilale usiku kucha, kisha kabla ya kuliwasha pima vichwa vya betri kwa multimita. Volti 12.6 maana yake imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu tupu. Halafu washa gari upime tena likiunguruma: ukipata kati ya 13.5 na 14.7, alteneta inachaji na huna ugomvi nayo. Ikibaki kwenye 12 na ushei, kagua mkanda wake kwanza, kisha alteneta yenyewe. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, vioshe kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi, vikauke, ukaze. Unga huo peke yake unatosha kulizuia gari kuwaka.

Betri hufa Januari kwa sababu mbili zinazokutana. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hata betri nzima hutoa takriban nusu tu ya nguvu yake, na wakati huohuo oili imekuwa nzito, hivyo stata inadai umeme mwingi kuliko kawaida. Betri iliyokuwa inajikongoja tangu Septemba haiwezi kubeba mzigo huo. Ukienda dukani, tazama namba iliyoandikwa CCA. Hizo ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Usinunue iliyo chini ya namba inayotajwa kwenye kitabu cha gari lako.

Kubusti kuna mpangilio wake, na usiuruke. Waya mwekundu unaanzia chanya ya betri iliyokufa, unakwenda chanya ya betri nzima. Waya mweusi unaanzia hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho haiendi kwenye betri iliyokufa: ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri. Kibanio cha mwisho hutoa cheche, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Acha gari zima liungurume dakika tano, kisha jaribu lako. Likishawaka, fungua waya kwa kurudi nyuma, ukianzia pale ulipomalizia.

Kama betri imevimba au maji yake yameganda, usiibusti kabisa. Inaweza kupasuka usoni mwako. Betri iliyoishiwa chaji huganda hata kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, ilhali iliyojaa huvuka nyuzi 50 chini bila kuganda. Na kuhusu kurudia kesho yake: mwendo wa dakika kumi kwenda dukani haurudishi umeme uliotumika kuwasha. Endesha angalau nusu saa. Ukifanya hivyo, alteneta ikiwa inachaji, na asubuhi ikagoma tena, betri imekwisha.

SWALI: Niko Stuttgart, Ujerumani. Nina tairi za misimu yote zenye herufi M+S. Rafiki ananiambia zitanipatia faini. Ni kweli? – Msomaji

JIBU: Ni kweli, kaka, kama hazina alama nyingine. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazihesabiwi tena Ujerumani kuwa alama ya tairi la baridi. Tairi lazima iwe na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi za misimu yote zenye mchoro huo zinaruhusiwa. Ukikamatwa bila hizo faini ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi yako ya udereva inayotunzwa Flensburg, na ukisababisha foleni ni euro 80.

Sheria yenyewe haifuati kalenda, inafuata hali ya barabara: barafu, theluji, tope la theluji au jalidi. Wenyeji wanafunga tangu Oktoba hadi Pasaka, nasi tunakushauri ufuate desturi hiyo. Mchanganyiko wa mpira ndio siri. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, hata lami ikiwa kavu. Sheria inataka kina cha milimita 1.6, lakini chini ya milimita 4 tairi la baridi halishiki tena theluji vya kutosha. Chomeka sarafu ya euro 1 kwenye mfereji wa tairi: ukingo wake wa dhahabu ni kama milimita 3, usipozama wote, muda wa kubadilisha ulishapita. Funga zote nne. Mbili za mbele peke yake zitafanya nyuma igeuke kwenye kona.

Pima upepo kila wiki mbili gari likiwa limepoa. Joto likishuka nyuzi 10, tairi hupoteza karibu bar 0.1.

SWALI: Shikamooni. Nina Noah inayobeba abiria Makete. Ilikuwa inachemsha, fundi akatoa thermostati na kunishauri nitumie maji tu. Tangu hapo mshale wa joto haupandi, mafuta yanakwenda sana, na mwezi wa sita asubuhi nilikuta barafu kwenye mtungi wa rejeta. Sasa kuna maji yanavuja chini ya injini. – Mwenye Noah

JIBU: Marahaba. Umefanyiwa jambo ambalo tungependa kila fundi aliache. Thermostati ni vali ndogo inayofunguka na kufunga kwa kufuata joto la maji ya injini. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, kwa kawaida nyuzi 82 na kuendelea. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi siku nzima, kompyuta inaongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza umewasha, na unyevu unabaki ndani ya oili. Chanzo cha kuchemsha nacho kiko palepale: rejeta iliyoziba, feni isiyovuta, kifuniko kilicholegea, au gasketi ya silindahedi.

Kuhusu mvujo, tafuta unapotokea kabla ya kufungua chochote. Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, na yanaweza kusukuma nje vile vizibo vya duara vilivyo ubavuni mwa bloku. Lakini jalidi ya usiku mmoja mara chache hufika huko. Mtuhumiwa wetu wa kwanza ni pampu ya maji: maji matupu hayana dawa ya kutu, sili ya pampu huliwa, na tundu dogo chini ya shafti huanza kudondosha. Pitisha kidole hapo.

Nunua thermostati mpya, au ijaribu ya zamani kama ipo. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uone inaanza kufunguka kwenye namba iliyogongwa juu yake. Usisubiri ifunguke yote, kwani kwenye miinuko yenu maji huchemka kwenye nyuzi 92 au 93 tu. Hiyo nayo ni sababu ya kutokutumia maji matupu na kifuniko chakavu. Kifuniko kizima hubana mfumo, kuchemka kunasogea hadi zaidi ya nyuzi 110.

Kisha safisha mfumo. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kizibo cha chini ya rejeta umwage maji, jaza safi, washa hita hadi mwisho, acha iungurume, umwage tena mpaka yatoke meupe. Maji mengine hubaki ndani ya bloku, kwa hiyo kulanti, yaani dawa ya kuzuia maji yasigande na kutu isile mfumo, usiichanganye nje. Kama mfumo wako unabeba lita 7 kwa mujibu wa kitabu, mimina kwanza lita 3.5 za kulanti isiyochanganywa, halafu jazia maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Nusu kwa nusu hustahimili nyuzi 37 chini ya sifuri, na usizidishe ukidhani inasaidia, kwani kulanti tupu huganda mapema kuliko mchanganyiko. Acha kifuniko wazi injini ipate moto hadi hosi ya juu iwe ya moto na mapovu ya hewa yaishe, jazia, funga.

Kulanti ni tamu na ni sumu. Usiiache kwenye ndoo ambapo mtoto au mbwa anafika.

SWALI: Naweza kumwaga maji ya moto kwenye kioo chenye barafu? – Columbus, Ohio

JIBU: Hapana, dada. Kioo kinaweza kupasuka. Kwangua kwa plastiki, washa hita ya kioo pamoja na AC, kwani AC hukausha hewa, na zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kwenye mtungi wa waipa weka maji maalumu ya baridi, siyo ya bomba.

SWALI: RAV4 yangu ni ya magurudumu manne lakini iliteleza kwenye daraja hapa Edmonton, Kanada, ikaingia kwenye theluji. Nilikosea wapi? – Kaka wa Edmonton

JIBU: Magurudumu manne husaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kuwa mara kumi ya lami kavu. Daraja huganda mapema kwa sababu hewa baridi inalizunguka juu na chini, kwa hiyo punguza mwendo kabla hujalifikia. Gari likianza kuteleza achia mafuta, tazama unakotaka kwenda, geuza usukani taratibu kuelekea huko. Ikibidi kushika breki na gari lina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, kanyaga kwa nguvu usiachie. Mtetemo unaousikia mguuni ni ABS inafanya kazi.

Na ukikwama tena, kabla ya kuwasha injini ili upate joto, toka nje ufukue theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, moshi wenye gesi ya kaboni monoksidi unaingia ndani ya gari. Gesi hiyo haina harufu, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, kisha usingizi. Washa dakika kumi tu kila saa, dirisha la upande usio na upepo likiwa wazi upana wa kidole, na kagua bomba kila unapowasha tena.